Warsha Ambayo Kila Aliyealikwa Ataifuata

Maandishi ya mada kwa walimu wakuu, maafisa wa elimu, wahadhiri na waandalizi wa mikutano katika Kaunti Ndogo ya Manga



Chukueni mfano wa mwalimu kiziwi katika shule mojawapo ya hapa Manga. Ana shahada, amesajiliwa na Tume ya Huduma kwa Walimu, na anafundisha hisabati. Barua ya warsha ya mtaala inamfikia kama inavyowafikia wenzake. Siku ya warsha anafika mapema, anatia sahihi kwenye orodha, anapewa kalamu na daftari, anaketi safu ya pili. Kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni anatazama midomo ya mwezeshaji, ambaye kila mara huupa ukumbi mgongo akiandika ubaoni. Wenzake wakicheka, naye anacheka, kwa kuchelewa kidogo. Jioni anapokea cheti kama cha wengine. Katika ripoti inayopelekwa ofisini yeye ni mshiriki mmoja aliyehudhuria. Jumatatu anarudi darasani bila kitu kipya, na watoto wanaomsubiri hawatajua walichokosa.

Hakuna mtu aliyemfukuza mwalimu huyo, wala aliyemtolea neno baya. Pengine alipewa hata kiti cha mbele kwa heshima. Lakini pesa za umma zilizolipia nafasi yake zimepotea, na shule yake imebaki nyuma ya nyingine. Kosa halikufanyika ukumbini. Lilifanyika wiki tatu kabla, pale barua ya mwaliko ilipoandikwa bila swali hata moja la kumuuliza atahitaji nini.

Waandalizi wengi wakiulizwa kuhusu jambo hili hujibu kwamba katika eneo lao hakuna watu wenye ulemavu wanaohudhuria warsha. Jibu hilo linahitaji kupimwa. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 605,576 katika Kaunti ya Nyamira. Kitaifa, sensa hiyo ilionyesha kwamba asilimia 2.2 ya Wakenya wenye umri wa miaka mitano na zaidi wana ulemavu. Shirika la Afya Duniani, kwa upande wake, linakadiria kwamba asilimia 16 ya watu duniani wana ulemavu wa kiwango kikubwa. Tofauti hiyo ni kubwa mno kuachwa bila maelezo. Vipimo havilingani, na anayejibu maswali ya sensa mara nyingi ni mkuu wa nyumba, ambaye huenda akaona haya kumtaja mtu wa kwake. Aidha, mtu asiyesikia vizuri sikio moja, au mzee ambaye haoni maandishi ya ubaoni, hajioni kuwa mlemavu na hatajitaja. Kwa warsha ya watu 60, hesabu ya kwanza inatoa mtu mmoja. Ya pili inakaribia watu kumi. Mwandalizi anayejiandaa kwa ajili ya watu kumi hatapata hasara.

Kuna pia sababu nyingine inayofanya watu hao wasionekane warshani: waliwahi kuja mara moja, wakaona hali ilivyo, wasirudi tena.

Sheria iko wazi. Kifungu cha 54 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuheshimiwa, kufikia taasisi za elimu, kufika mahali pa umma na kupata habari, na kutumia lugha ya ishara, breli au njia nyingine inayomfaa. Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2008, na mkataba huo unasema kumnyima mtu marekebisho yanayofaa ni ubaguzi. Mwezi Mei mwaka 2025 Rais alitia sahihi Sheria mpya ya Watu Wenye Ulemavu, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 2003. Mswada wake uliwasilishwa katika Seneti na Seneta Crystal Asige, ambaye mwenyewe ana ulemavu wa kuona. Kwa hiyo mkalimani wa ishara au karatasi ya maandishi makubwa si hisani ya mwandalizi mwenye moyo mzuri. Ni sehemu ya gharama ya warsha, sawa na kodi ya ukumbi.

Sasa lile swali la kwenye barua. Namna linavyoulizwa ndiyo inayoamua kama litajibiwa. Fomu nyingi huuliza, “Je, una ulemavu? Ndiyo au la.” Watu wengi huweka alama kwenye “la” na kuendelea, kwa sababu hawajui jibu la “ndiyo” litawafikisha wapi, au nani ataisoma fomu hiyo. Swali linalofaa zaidi huuliza kuhusu siku yenyewe: unahitaji nini ili uweze kufika, kusikia, kusoma na kuchangia? Chini yake yawekwe mambo machache ya kuchagua: mkalimani wa lugha ya ishara, breli, maandishi makubwa, kuketi karibu na msemaji, mahali pasipo ngazi, nafasi ya msaidizi, mahali pa kunyonyesha, chakula maalumu. Mwisho iachwe mistari miwili mitupu, kwa sababu kila mara kuna hitaji ambalo mwandalizi hakulifikiria. Mtu mwenye kifafa, kwa mfano, anaweza kutaka tu mmoja wa waandalizi ajue la kufanya akianguka.

Majibu hayo ni siri ya mwenye kujibu. Yasibandikwe kwenye orodha ya kikundi cha WhatsApp wala kusomwa mbele ya ukumbi kwa sauti, hata kwa nia ya kumkaribisha mtu. Atajwe afisa mmoja wa kuyapokea, na nambari yake ipokee ujumbe mfupi, maana kiziwi hawezi kupiga simu na kuuliza.

Jambo dogo linalosahaulika: siku hizi mialiko mingi hutumwa kama picha, yenye rangi, nembo na picha za wageni rasmi. Asiyeona hutumia simu yenye programu ya kusoma maandishi kwa sauti, na programu hiyo mara nyingi hushindwa na maandishi yaliyo ndani ya picha. Mwandalizi akiandika maneno yale yale chini ya picha, kwa herufi za kawaida, atakuwa amemaliza tatizo kwa dakika tatu na bila shilingi hata moja.

Swali liulizwe mapema, angalau wiki mbili kabla ya siku yenyewe na zaidi ikiwezekana. Sababu kubwa ni wakalimani.

Lugha ya Ishara ya Kenya ni lugha kamili yenye sarufi yake. Si Kiingereza kinachooneshwa kwa vidole, wala si ishara zile za Wamarekani. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianzisha mradi wa kuitafiti mwaka 1991, na Katiba imeifanya kuwa mojawapo ya lugha tatu rasmi za Bunge pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Anayeshuku kwamba kiziwi anaweza kufuata mada ngumu za kitaaluma amkumbuke Profesa Michael Ndurumo, Mkenya asiyesikia aliyepata shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, mwaka 1980, kisha akafundisha saikolojia katika Chuo Kikuu cha Nairobi.

Kufasiri siku nzima kunachosha akili na mikono. Ndiyo maana warsha inayozidi saa moja huhitaji wakalimani wawili wanaopokezana kila baada ya dakika 20 au 30. Mwandalizi anayemkodi mmoja kwa siku nzima ili kuokoa pesa atagundua kwamba kufikia mchana nusu ya maneno haimfikii anayeyangoja. Wakalimani wapewe mada siku kadhaa kabla, hasa maneno mageni ya somo, ili wakubaliane ishara zake. Wasimame karibu na msemaji, uso ukiwa na mwanga, si mbele ya dirisha linalowafanya waonekane kama kivuli. Na kwa kuwa umeme hapa hukatika bila kuaga, hasa mvua inapoanza, ni vizuri kuchagua chumba chenye mwanga wa kutosha wa jua. Taa zikizimika, anayesikia hukosa mwanga tu. Kiziwi hukosa mazungumzo yote.

Wakalimani watapatikana wapi? Ofisi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu ni mahali pa kwanza pa kuuliza. Pa pili ni kituo cha kutathmini watoto wenye mahitaji maalumu, ambacho walimu wengi hukiita EARC. Vituo hivyo vilianzishwa nchini mwaka 1984, na maafisa wake huwajua walimu wenye ujuzi. Njia ya mkato ya kumwomba mwalimu mwenzake “anayejua ishara kidogo” haifai. Mwalimu huyo naye amekuja kujifunza, na ishara kidogo haziwezi kubeba mada ya tathmini ya wanafunzi.

Ieleweke pia kwamba si kila kiziwi anaijua Lugha ya Ishara ya Kenya. Wapo waliokulia vijijini bila kupelekwa shule ya viziwi, na hutumia ishara zilizozaliwa nyumbani mwao. Warsha inayowahusisha wazazi au wakulima inaweza kumpata mtu wa namna hiyo. Huyo atahitaji jamaa wa nyumbani akae karibu na mkalimani. Na yupo aliyepoteza usikivu uzeeni, asiyejua ishara yoyote. Anachohitaji ni kipaza sauti, msemaji asiyefunika mdomo, na mambo makuu yaandikwe ubaoni.

Kipaza sauti kina adui wake, naye ni yule mwalimu anayesimama na kusema, “Mimi sauti yangu ni kubwa, sihitaji hicho.” Kila warsha ina mmoja. Mwenyekiti wa kikao amrudishie kipaza sauti kwa upole, na maswali ya washiriki pia yasemwe kupitia hapo hapo.

Kwa wasioona, kazi kubwa ni ya karatasi. Ukurasa mmoja wa chapa ya kawaida unaweza kuwa kurasa mbili au tatu za breli, kwa hiyo kitini cha kurasa 40 hakipatikani kwa breli kwa usiku mmoja. Wengi wao, hata hivyo, wataridhika wakitumiwa faili kwenye simu au kompyuta siku mbili kabla, mradi liwe limechapwa na si picha ya karatasi iliyopigwa. Wenye uoni hafifu huhitaji chapa kubwa, kama ukubwa wa 18, herufi nyeusi kwenye karatasi nyeupe isiyong'aa. Hapo wamo watu wengi wenye ualbino. Sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu 9,729 nchini. Hao pia waketishwe mbali na dirisha linalopiga jua, na mazoezi ya nje ya ukumbi yafanyike kivulini.

Msemaji naye ana wajibu. Maneno “kama mnavyoona hapa” hayamwambii kitu asiyeona projekta. Akisema, “Jedwali hili lina safu tatu, na idadi ya wasichana inashuka kutoka darasa la sita,” amemsaidia asiyeona, na pia yule wa safu ya nyuma ambaye aliona ukungu mtupu lakini akaona haya kusema.

Mahali pa mkutano ndipo Manga inapoleta mtihani wake. Hii ni nchi ya miteremko. Ukumbi mzuri wenye mandhari ya kuvutia huwa juu, njia yake ni ya udongo mwekundu, na usafiri wa kufikia huko ni bodaboda au Probox. Anayetumia kiti cha magurudumu hawezi kupanda bodaboda peke yake, na ndani ya Probox nafasi ambayo kiti chake kingekunjwa na kuwekwa tayari ina abiria au mikungu ya ndizi. Kwake nauli ya kwenda na kurudi warshani ni bei ya kukodi gari zima. Bajeti inayompa kila mshiriki nauli sawa imemtoza yeye faini.

Kwa hiyo mwandalizi autembelee ukumbi kabla ya kuulipia, na asiende peke yake. Aende na mtu anayetumia magongo au kiti cha magurudumu, maana mwenye miguu miwili imara haoni kizingiti. Waanzie barabarani walipoteremka garini, wafike mlangoni, kwenye meza ya kujisajili, jukwaani, mahali pa chakula, kisha chooni. Ngazi moja ya sentimita 15 ikitengenezewa njia ya mteremko kwa kipimo kinachokubalika cha moja kwa kumi na mbili, njia hiyo itahitaji urefu wa sentimita 180. Ubao mfupi uliolazwa kwenye ngazi ni mtego. Kumbeba mshiriki na kiti chake hadi ghorofani, huku watu wakitazama, si suluhisho hata kama wanaombeba ni vijana wenye nguvu na moyo mwema. Kikao kihamishwe chini.

Choo kisipuuzwe. Choo cha shimo chenye mlango mwembamba hakimfai mwenye kiti cha magurudumu, na wapo washiriki ambao kwa sababu hiyo hukataa kunywa hata maji siku nzima. Ikiwa shule haina choo kinachofaa, atafutwe jirani mwenye nacho, au warsha ipelekwe kwingine.

Halafu mvua. Kila mkazi anajua kwamba katika nyanda hizi hunyesha zaidi mchana na jioni. Ratiba inayomalizika saa kumi na moja inamtoa mtu wa magongo ukumbini wakati njia imekuwa utelezi na bodaboda zimepandisha bei. Kuanza saa mbili unusu na kumaliza saa nane kungewafaa watu wengi zaidi, wakiwemo akina mama wenye watoto nyumbani. Hotuba za wageni rasmi zikipunguzwa, muda utapatikana.

Siku nayo ni mlango. Waadventista wa Sabato ni wengi katika nchi ya Gusii, na Sabato yao huanza Ijumaa jua linapotua. Warsha ya Ijumaa hadi Jumamosi, hata iwe ya bure, imewafungia nje walimu wengi wa kaunti hii. Inashangaza kwamba bado zinapangwa, na wakati mwingine na watu waliozaliwa hapa. Meza ya chakula isiwe na nyama ya aina moja tu. Ugali na chinsaga vitawafaa karibu wote. Wako pia wasiokunywa chai kwa sababu ya imani, ingawa Manga ni nchi ya chai, na hao wakiwekewa uji au maji moto hawatakaa bure wakati wa mapumziko. Mama anayenyonyesha atengewe chumba chenye kiti, maji na mlango unaofungika, na msaidizi anayemshika mtoto ahesabiwe katika chakula.

Lugha ya warsha inahitaji busara. Wanataaluma hupenda Kiingereza, na istilahi nyingi za somo ziko humo. Lakini warsha za elimu siku hizi huwaalika pia wajumbe wa bodi za shule, wazazi na wazee, na mzee anayejua historia ya shule kuliko mtu yeyote ukumbini atanyamaza ikiwa mjadala umefungwa kwa Kiingereza. Kiswahili kiwe lugha ya kawaida ya kikao, Ekegusii kiruhusiwe katika vikundi vidogo, na msemaji wa kikundi atoe muhtasari kwa Kiswahili ili asiye Mgusii asiachwe. Vikundi vidogo vina faida nyingine: kijana ambaye hawezi kumpinga mzee mbele ya watu, na mwanamke anayekatizwa kila anapoanza kusema, huweza kuandika hoja yake kwenye kadi, na kadi zote zikasomwa bila majina. Anayegugumia pia husaidika hapo.

Yote haya yana gharama, na mahali pa kusema hivyo ni kwenye bajeti, kabla ya kuomba pesa. Kuwe na mstari wa wakalimani, wa breli na chapa kubwa, wa usafiri maalumu, na wa posho na chakula cha msaidizi, kwa sababu anayemwongoza asiyeona hakualikwa kama mshiriki lakini bila yeye mshiriki hafiki. Mstari huo ukikosa kutumika, pesa hurudishwa kama nyingine yoyote. Ukikosekana kabisa, mwandalizi atalazimika kuchagua, siku mbili kabla, kati ya mkalimani na mabegi yenye nembo ya warsha, na mabegi yatakuwa yameshachapishwa.

Baada ya warsha, fomu ya maoni iongezewe swali la kama kila mtu aliweza kufika, kusikia, kusoma na kuchangia, na iwezekane kujibiwa kwa ujumbe mfupi au kwa mdomo. Wale walioalikwa wakakosa kuja wapigiwe simu au waandikiwe, waulizwe kilichowazuia. Majibu yawekwe kwenye faili la warsha inayofuata, pamoja na jina la ukumbi wenye choo kinachofaa na nambari ya mkalimani aliyefanya kazi vizuri.